Walipendana kwa Kiswahili

Ndoa ya Bibi Salme binti Said na Heinrich Ruete ilidumu miaka mitatu, miezi miwili na siku chache. Ilifungwa Aden tarehe 30 Mei 1867, ikakatishwa na mauti mjini Hamburg tarehe 6 Agosti 1870. Mfanyabiashara wa Kijerumani na binti wa Sultani wa Unguja walihitaji lugha ya kukutania, na lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Bibi alipofika Hamburg hakuwa na Kijerumani. Mazungumzo yao ya mezani, magomvi yao kama walikuwa nayo, na majina waliyowaitia watoto wao usiku, vyote vilipita katika lugha hii ninayoiandika sasa.

Hata hivyo, wengi wetu tuliowasoma wawili hawa tumewasoma kwa Kiingereza kilichotolewa katika Kijerumani. Kwanza walizungumza Kiswahili. Kisha mjane akakumbuka na kuandika kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani. Kisha wengine wakamfasiri. Maneno yao yamesafiri mbali mno na kinywa kilichoyatamka. Mimi ni miongoni mwa wanaojaribu kuyarejesha. Leo nataka kusema kwa nini naona kazi hiyo ni ya haki, na wapi naona wengi tunaoifanya tunakosea, nami mwenyewe nikiwamo.

Niutaje kwanza urithi wenyewe. Kitabu kinachojulikana zaidi ni kumbukumbu za Bibi Salme zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, akiwa hai, kwa jina lake la ubatizo la Emily Ruete. Humo kuna Beit il Mtoni alikozaliwa mwaka 1844, masuria wa baba yake Seyyid Said, mapambo, ndege, ngoma za harusi na ugomvi wa ndugu. Lakini kiliandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya, na mwandishi alijua nani anamtazama. Maandishi ya pili ni tofauti. Ni barua ndefu kwa rafiki aliyebaki Unguja, rafiki asiyetajwa jina, zinazosimulia maisha ya Ujerumani: safari, baridi, ndoa, msiba na miaka ya ujane. Hizo hakuzichapisha. Alipofariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924 zilibaki katika vitu vyake, zikawa mali ya watoto wake watatu, Antonie Thawka, Rudolph Said na Rosalie Ghuza. Mtazame msomaji majina hayo: kila mtoto jina moja la baba na moja la mama. Nyaraka za mtoto wa kiume, yule aliyejiita Said-Ruete na kuandika kitabu juu ya babu yake Seyyid Said mwaka 1929, hatimaye zilihifadhiwa Leiden, Uholanzi. Mwaka 1993 E. van Donzel alizichapisha barua hizo kwa Kiingereza pamoja na kumbukumbu, na mwaka 1999 zikatoka kwa Kijerumani chake mwenyewe. Karibu miaka sabini ilikuwa imepita tangu azikwe.

Basi hapa tuna hati ya urithi ambayo mwenyewe hakuichapa, na ndani yake mna maisha ya watu wawili. Msimulizi anayeingia humo anaingia chumbani mwa watu. Nadhani ni vyema abishe hodi kwanza.

Mimi sikubisha. Nilianza kwa utenzi, kwa sababu mpenda mashairi huona kila jambo kubwa linastahili mizani minane. Nilifika beti thelathini nikakwama, na sababu ya kukwama ikanifundisha zaidi ya beti zenyewe. Utenzi unataka shujaa, unataka adui, unataka mambo yatokee. Kila nilipofika mahali ambapo Bibi alinyamaza, kina kilinilazimisha niseme kitu. Nikamtia machozi mahali ambapo hakuandika kwamba alilia. Nikampa Heinrich maneno ya mahaba ambayo hayana shahidi. Vina vilikaa vizuri sana, na habari ikawa ya uongo. Nikauacha utenzi, nikarudi kwenye nathari.

Mfano mkubwa ni habari ya kupendana kwao. Katika kumbukumbu zake Bibi Salme anaipitia kwa haraka ambayo humshangaza kila anayeifikia baada ya kurasa na kurasa juu ya vyakula na mavazi. Nyumba zilipakana, sakafu ya juu ya paa la Mjerumani ilikuwa chini kuliko yake, kutoka dirishani aliona karamu za wanaume wa Kizungu. Urafiki ukageuka mapenzi, mji ukajua. Basi. Hapo mwandishi anafunga mlango. Hasemi kwamba alikuwa mjamzito. Hilo twalijua kwingine, katika nyaraka za Waingereza waliokuwa na ubalozi wao Unguja, na katika tarehe zenyewe: mtoto wa kwanza alizaliwa Aden Desemba 1866, miezi kadhaa kabla ya ndoa, akafa mwaka uliofuata wazazi wake wakiwa safarini kuelekea Ulaya.

Wasimulizi wengi wa leo, na hasa wanaowasimulia watalii, hufungua mlango huo kwa teke. Paa, mbalamwezi, binti wa mfalme, kijana wa kigeni. Hadithi hiyo inauzika. Kinachonikera si kwamba ina mahaba, maana mahaba yalikuwapo. Ni kwamba inafuta hatari. Mwanamke asiye na mume, dada wa Sultani, mimba ya mtu asiye Mwislamu: kwa sheria na desturi za wakati ule alikuwa anacheza na roho yake. Kunyamaza kwake miaka ishirini baadaye, akiwa mama wa watoto wanaokwenda shule Ujerumani na wenye haja ya heshima, ni sehemu ya habari. Mwenye kuujaza ukimya huo kwa nyota na upepo wa bahari anaondoa kitu kilichokuwamo. Mtoto yule namtaja, kwa kuwa aliishi na alikufa na ana haki ya kutajwa. Fikra za mama juu yake siziandiki.

Rasimu ya nathari nilimsomea bibi mmoja wa Mji Mkongwe ambaye huniruhusu niketi barazani pake kila niendapo Unguja. Hana haja ya jina lake kuwekwa hapa. Alisikiliza akichambua mchele, nami nikasoma: «Agosti 1866, Bibi Salme akatoroka.» Mkono ukasimama juu ya ungo.

«Mtoro ni mtumwa, mwanangu,» alisema. «Mtoto wa Seyyid hatoroki.»

Nikamwambia, «Bi Mkubwa, aliondoka usiku, kwa siri, na ndugu yake hakujua. Tuseme nini?»

«Sema utakalo. Hilo usiseme.»

Niliandika neno jingine pembeni, tukaendelea. Lakini neno lile halikunitoka kichwani, kwa sababu alikuwa na haki nusu. Katika Kiswahili cha pwani cha karne ile, mtoro alikuwa kwanza mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Kulikuwa na watoro mashambani, kulikuwa na vijiji vya watoro bara. Na mjini Unguja kulikuwa na nyumba ya kifalme iliyoitwa Beit il Watoro. Huko ndiko Salme mdogo alikohamia na mama yake kutoka Beit il Mtoni, kukaa kwa kaka yake Majid, huyohuyo ambaye baadaye alikuwa Sultani siku dada yake alipoondoka. Binti aliyekulia katika Nyumba ya Watoro akaja akawa kama mtoro. Kama ningeibuni sadfa hiyo, mhariri yeyote angeniambia niipunguze.

Kiingereza hakina shida hapa, kina maneno mengi ya kuondokea, na mengine yana harufu ya harusi ya siri. Kiswahili kinamdai msimulizi achague. Alitoroka, umemweka daraja moja na watumwa wa nyumba ya baba yake. Alikimbia, umemfanya mwoga au mwenye kufukuzwa. Aliondoka, umemfanya msafiri aliyeaga. Alichukuliwa, umewapa Waingereza kazi yote. Mwishowe nikaandika alichokifanya mwili wake: usiku ule alipanda manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, ya nahodha Pasley, ikampeleka Aden. Inaelezwa kuwa aliteremka pwani kwa kisingizio cha Siku ya Mwaka, wakati wanawake waendapo kuoga baharini. Kama ndivyo, aliondoka katikati ya wanawake wenziwe, na maji yalikuwa kisingizio na njia pia. Neno «alipanda» halimhukumu. Hata hivyo nakiri kwamba kila nisomapo ukurasa huo nalisikia «alitoroka» likigonga chini yake, na sidhani kwamba kulikwepa ni ushindi mtupu. Watumwa waliotoroka Unguja hawakupelekewa manowari ya adabu namna ile.

Hilo lanileta kwenye jambo ambalo wapenzi wa Bibi Salme hawapendi lizungumzwe. Katika kumbukumbu zake aliutetea utumwa. Aliandika juu ya watu weusi maneno ya dharau ambayo hayana tafsiri njema kwa lugha yoyote. Mwaka 2019 uwanja mmoja mjini Hamburg ulipewa jina lake. Maneno hayo yakasomwa upya, na jina likaondolewa. Kuna waliosema ni uonevu, kwamba alikuwa mtu wa zama zake. Mimi sina ugomvi na Wahamburg; uwanja ni wao. Lakini msimulizi wa Kiswahili hawezi kulitaja jambo hili pembeni kama doa dogo la kanzu, kwa sababu ya lugha yenyewe. Kiswahili chake Bibi Salme alikipata kwa nani? Anaeleza mwenyewe kwamba Beit il Mtoni palisikika Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi na Kiswahili, na mama yake alikuwa Mcherkesi. Kiswahili cha mtoto wa kifalme kilitoka kwa yaya, wapishi, wachukuzi wa maji, wapiga makasia, na wengi wa hao walikuwa watumwa. Lugha aliyompendea Heinrich ilikuwa zawadi ya watu aliowadharau katika chapa. Simulizi yoyote ya ndoa hii isiyowaingiza watu hao nyumbani naiona pungufu, hata ikiandikwa kwa Kiswahili kitamu namna gani.

Na Heinrich je? Kiswahili chake kilikuwa cha aina gani? Swali hili limenipotezea usingizi kwa furaha. Alikuja Unguja akiwa kijana mdogo kwa kazi ya nyumba ya biashara ya Hansing ya Hamburg, na biashara ya Wahamburg wakati ule ilikuwa pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, ngozi, na kauri zilizopelekwa Afrika Magharibi ambako zilikuwa fedha. Nadhani alijua kuhesabu kwa Kiswahili kabla ya kujua kusalimia vizuri. Nadhani alijua maneno ya mizani, ya magunia, ya forodha. Ngeli zake, siapi. Sasa mtu huyo anasimama kwenye sakafu ya paa lake akitaka kuzungumza na binti wa Seyyid, aliyefunzwa kusoma Kurani na aliyejifundisha kuandika kwa siri, kwa kunakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia, maana wasichana walifunzwa kusoma tu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi aliposhika kalamu kuwaandikia barua wale waliomuunga mkono Barghash katika jaribio la kumpindua Majid mwaka 1859. Mmoja ana Kiswahili cha bohari, mwingine ana Kiswahili cha ndani. Ukiwaandikia wote wawili Kiswahili sanifu cha magazeti umeua kitu kizuri. Katika rasimu yangu Heinrich huzungumza kwa sentensi fupi na hukosea, Bibi humsahihisha. Huo ni ubunifu, nami nimeuandika wazi mwanzoni mwa sura ili msomaji asidhani kuwa umetoka Leiden. Nauona ni ubunifu ulio halali kwa sababu hauzibi ukimya wa mtu. Unarudisha tu sauti mahali tunapojua kwamba sauti ilikuwapo.

Hamburg mambo yaligeuka. Walikaa Uhlenhorst, karibu na maji ya Alster. Mume alitoka asubuhi kwenda ofisini, na pamoja naye kilitoka Kiswahili. Nyumba ilibaki na watumishi ambao Bibi hakuwaelewa, mlango usiojua kukaa wazi, na chakula alichoshindwa kukizoea. Jioni mlango ulifunguliwa na lugha ikarudi. Nafikiri hapa ndipo kiini cha ndoa yao kilipo, zaidi ya kwenye paa: nyumba nzima ambayo ni mtu mmoja tu unayeweza kumwambia kwamba kichwa kinauma. Kwa miaka mitatu mtu huyo alikuwa mume, mkalimani, ndugu na mji.

Siku chache kabla ya tarehe 6 Agosti 1870 Heinrich aliruka kutoka kwenye tramu ya farasi, akaanguka, ikampitia. Watoto walikuwa watatu. Mdogo hajatimiza miezi minne. Vita vya Ujerumani na Ufaransa vilikuwa vimeanza, na mji ulikuwa ukizungumzia askari. Kwa sheria ya Hamburg mjane hakuachiwa mali aisimamie mwenyewe. Waliwekwa wanaume wa kumsimamia, na fedha zikayeyuka. Ikambidi ahame miji yenye maisha nafuu zaidi, na kufundisha Kiarabu apate riziki. Oktoba ya mwaka huohuo Majid naye akafariki Unguja, Barghash akatawala, na yeye hakumsamehe dada yake wala hakumpa urithi wake.

Nimeandika sura ya tramu mara tano. Toleo la kwanza lilikuwa na kelele za farasi na magurudumu. La tano lina aya mbili. Ya kwanza inaeleza ajali. Ya pili inasema kwamba tangu siku hiyo hapakuwa na mtu mzima nyumbani mle wa kuzungumza naye Kiswahili.

Limebaki suala la barua zenyewe na jinsi ya kuziita. Kwa Kijerumani zimepewa jina lenye neno ambalo Wajerumani wanalipenda na ambalo wafasiri hulipigania. Kwetu sisi ni rahisi: ni «kwetu». Neno hili halina haja ya mipaka wala bendera. Lina mtu na watu wake. Ila «kwetu» linakudai useme ni nani hao «sisi», na Bibi Salme, aliyebatizwa Aden, aliyezaa Hamburg, aliyerudi Unguja mwaka 1885 akiwa na manowari za Bismarck zikidai mambo yasiyomhusu, hakuwa na jibu jepesi. Watu wa mjini walimfuata njiani na kumsalimu kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Kaka yake mfalme hakumpokea.

Na yule rafiki wa Unguja anayeandikiwa? «Rafiki» ni neno baridi mno kwa barua kama hizi, halisemi hata kama ni mwanamke. Nimeandika «shoga». Najua vijana watacheka. Neno limepata maana nyingine mitaani, na mhariri mmoja amenishauri nilibadili. Sitalibadili. Kwa wanawake wa pwani shoga ni mwanamke unayemweleza ambayo hutamweleza mumeo, na hizo ndizo barua nilizozisoma. Kama rafiki huyo alikuwa mtu halisi au ni kivuli alichojiundia ili apate wa kumwambia, neno linabaki lilelile. Mume alikuwa ameondoka na Kiswahili chao. Aliyebaki wa kuzungumza naye alikuwa shoga wa karatasini, na hata huyo ilibidi amwandikie kwa Kijerumani.

Mwezi uliopita nilimsomea tena yule Bi Mkubwa, safari hii sura ya mwisho. Bibi Salme amezikwa Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, katika eneo la ukoo wa Ruete. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, nao ukawekwa kaburini. Bi Mkubwa aliuliza mchanga ulitoka ufukwe gani, Mtoni au Forodhani. Nikamwambia hati hazisemi.

«Basi nawe usiseme,» akajibu, akaniagiza nirudi kwenye ukurasa wa ajali nisome tena, polepole.